Ngoma Mbili, Uwanja Mmoja

Mwaka 2001 kampuni ya Namco ya Japani ilileta kwenye kumbi za michezo mashine iitwayo Taiko no Tatsujin: ngoma mbele ya mchezaji, na juu yake kioo chenye alama zinazopita. Alama nyekundu hutaka mpigo wa katikati ya ngozi, ya buluu hutaka ukingo. Toleo la Nintendo Switch la mwaka 2018 lilimwezesha mtu kucheza bila ngoma kabisa. Anashika rimoti ndogo mbili na kupiga hewa: mkono ukishuka wima ni nyekundu, ukishuka mshazari ni buluu. Mashine ndiyo inayoamua kama amewahi, amechelewa au amepatia.

Mpanda nako, nchini Tanzania, watu wanajua kushindana kwa ngoma, ila mwamuzi wao ni mwingine.

Mji huo ulikuzwa na madini ya risasi pamoja na reli iliyochepushwa kutoka Kaliua kwa ajili yake, enzi za Mwingereza. Baadaye wakaja wafugaji. Wasukuma waliobanwa na uhaba wa malisho Mwanza na Shinyanga waliswaga ng'ombe wao kupitia Tabora hadi nchi ambayo mwaka 2012 ilimegwa kutoka Rukwa na kuwa Mkoa wa Katavi. Watu hao walitoka katika jamii ambayo ngoma kwao ni ushindani mkali.

Asili ya ushindani huo ni vyama viwili, Wagika na Wagalu. Simulizi za Usukumani huvihusisha na magwiji wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa waganga na mafundi wa ngoma na waliobishana ni nani mwenye dawa kali zaidi. Ubishi wao ulirithiwa. Hadi leo, mavuno yakishaingia ghalani, kila kundi huongozwa na manju wake, ambaye hutunga nyimbo, hupanga wachezaji na hutafuta dawa ya mvuto.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kueleza na ngumu kutimiza. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wana uhuru wa kuhama. Lenye umati mkubwa ndilo mshindi. Kwa hiyo ngozi za ngoma huotwa motoni hadi zikaze, wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe na kuyadaka bila kupoteza mdundo, na wengine huingia uwanjani na nyoka hai. Upande mmoja ukipoa kidogo tu, watu wanakimbilia wa pili, na manju anaona kwa macho yake anavyoshindwa.

Miaka ya 1950 Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyapa mashindano haya nafasi ya heshima Bujora, karibu na Mwanza, ambako pia yalijengwa makumbusho ya Wasukuma. Sherehe ya Bulabo huyakutanisha makundi hayo huko kila Juni.

Ni katika hukumu hiyo ya watazamaji ndipo mbina, yaani ngoma ya Wasukuma, inapoizidi mashine. Taiko no Tatsujin hupima mkono wa mpigaji dhidi ya wimbo uliokwisha kurekodiwa, na mchezaji anaweza kupata alama zote akiwa peke yake chumbani. Manju asiye na watazamaji hana alama hata moja, hata kama mdundo wake haukukosea popote.