Mlango kati ya Shule na Chuo: Historia ya Krediti za Chuo katika Shule za Sekondari za Marekani

Katika nchi ya Marekani mwanafunzi wa miaka 16 au 17, ambaye hajamaliza bado shule ya sekondari, aweza kusoma kozi ya chuo kikuu, akafaulu, na kozi hiyo ikahesabiwa mara mbili: mara ya kwanza katika cheti chake cha shule, na mara ya pili katika shahada atakayoisomea baadaye. Kwetu sisi tuliolelewa katika mpaka mkali wa Kidato cha 6, jambo hili laonekana geni. Tunakusudia kueleza hapa jinsi lilivyoanza na kwa nini, kwani ndani yake mna swali linalomgusa kila mwalimu: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba somo hili ni la shule na lile ni la chuo?

Yatupasa kwanza tulieleze neno lenyewe. Wamarekani husema kwamba mwanafunzi hupata krediti. Anayejifunza Kiswahili akifungua kamusi atakuta "mkopo", na maana itampotea kabisa, maana hapa hakuna akopaye wala akopeshwaye. Wako waliojaribu kutumia "alama", lakini alama hupima ubora wa kazi, ilhali krediti hupima wingi wake. Basi tutaliazima neno kama lilivyo.

Kipimo hicho kina asili ya ajabu kidogo. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 ziwe mfuko wa pensheni za maprofesa. Taasisi iliyokabidhiwa fedha hizo ililazimika kuamua chuo kipi ni chuo cha kweli na kipi ni cha jina tu, ikaweka sharti: chuo kisimpokee mwanafunzi asiye na vipimo 14 vya masomo ya sekondari, na kila kipimo kiwe na saa zipatazo 120 za darasani kwa mwaka. Vyuo vikakubali kwa kuitaka pensheni. Shule nazo zikafuata ili wanafunzi wao wasikataliwe vyuoni. Hivyo ndivyo elimu ya taifa kubwa ilivyoanza kupimwa kwa saa, kwa sababu ya malipo ya uzeeni ya walimu! Ila kitu kikiisha kupimwa kwa kipimo kinachotambuliwa na pande zote mbili, chaweza kuhamishwa kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kama mchele upimwao kwa pishi ile ile dukani na nyumbani.

Ukuta kati ya shule na chuo ulikuwa umekwisha kupata ufa kabla ya hapo. Mwaka 1901, katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, shule ya sekondari iliongeza miaka miwili juu ya masomo yake ya kawaida, wakasoma humo wanafunzi 6 masomo ya mwanzo wa chuo. Aliyelisukuma jambo hilo ni William Rainey Harper, mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na J. Stanley Brown, mkuu wa shule hiyo. Katika chuo kile kile cha Chicago, Robert Hutchins, aliyepewa ukuu mwaka 1929 akiwa na miaka 30 tu, alikwenda mbali zaidi. Yeye aliona kwamba miaka miwili ya mwisho ya sekondari hupotea bure kwa kurudia yale yale. Kuanzia mwaka 1942 chuo kilimruhusu mwanafunzi kuingia baada ya miaka miwili tu ya sekondari na kuifikia shahada ya kwanza kutoka hapo. Hutchins alipoondoka mwaka 1951, mpango huo haukudumu.

Vita navyo vilichangia. Mwaka 1944 vijana wengi walikuwa jeshini, na vyuo vilikosa wanafunzi. Chuo cha Morehouse huko Atlanta kikawapokea vijana ambao hawajamaliza sekondari, mradi washinde mtihani wa kuingilia. Mmoja wao alikuwa Martin Luther King, aliyeingia akiwa na miaka 15. Wakati wa vita vya Korea, mwaka 1951, mfuko mmoja uliosimamishwa kwa fedha za Ford ulianza kugharimia vijana wa umri mdogo waende chuoni mapema, ili wapate angalau miaka miwili ya elimu kabla ya kuitwa jeshini. Vyuo 12 vilishiriki hatimaye, Morehouse kikiwa kimojawapo.

Lakini si kila mzazi alipenda mtoto wake ang'olewe nyumbani kabla ya wakati. Gordon Chalmers, mkuu wa Chuo cha Kenyon katika jimbo la Ohio, alishauri njia nyingine: badala ya kumpeleka mtoto chuoni, masomo ya chuo yaletwe shuleni. Kutokana na juhudi hizo ukazaliwa mpango uitwao Advanced Placement. Mwanafunzi husoma shuleni kwake, kisha hufanya mtihani mmoja wa taifa unaosahihishwa kwa daraja 1 hadi 5, na chuo huamua chenyewe kama kitampa krediti. Katika mwaka wa masomo 1955–56, ulipokuwa chini ya College Board kwa mara ya kwanza, wanafunzi walikuwa 1,229 kutoka shule 104. Siku hizi hupita milioni mbili kwa mwaka. Hata hivyo tusidanganywe na wingi huo: mwanzoni mpango huu ulikuwa wa shule bora na za wenye nacho.

Ndiyo maana habari za shule ya Garfield zinastahili kukumbukwa. Shule hiyo iko mashariki ya Los Angeles, katika mtaa wa watu wa kipato kidogo, wengi wao wenye asili ya Meksiko. Mwaka 1982 wanafunzi 18 wa mwalimu Jaime Escalante, mzaliwa wa Bolivia, walifaulu mtihani wa kalkulasi, tawi la hisabati linaloogopwa hata chuoni. Shirika lililosimamia mitihani liliwatilia shaka 14 miongoni mwao, likisema majibu yao yamefanana mno. Wanafunzi 12 wakakubali kurudia mtihani, na wote 12 wakafaulu tena. Kwa maoni yetu, waliofundishwa na mwalimu mmoja mbele ya ubao mmoja hufanana hata namna ya kukosea, na mwalimu yeyote aliyesahihisha insha za darasa lake analijua hilo. Habari hiyo ilitengenezewa filamu mwaka 1988, lakini mtazamaji asidhani kazi ilikuwa ya mwaka mmoja. Escalante alikuwa amekwisha kufundisha hapo miaka kadhaa.

Njia ya tatu haikutegemea mtihani wa siku moja. Chuo Kikuu cha Connecticut tangu mwaka 1955, na baadaye Syracuse katika miaka ya 1970, viliwakabidhi walimu wa sekondari kozi za chuo wazifundishe katika madarasa yao wenyewe. Mwaka 1974 Janet Lieberman alianzisha ndani ya chuo cha LaGuardia, jijini New York, shule ya sekondari kwa ajili ya vijana waliokaribia kuacha masomo. Wazo lake lilikwenda kinyume cha desturi: kijana anayechoshwa na shule asirudishwe nyuma, bali asogezwe mbele, aketi karibu na watu wazima wanaosoma kwa hiari. Sisi twaona kwamba hapa ndipo historia hii ilipogeuka, kwa kuwa krediti iliacha kuwa tuzo ya wenye vipawa tu.

Kisha likaja suala la fedha. Mwaka 1985, wakati wa gavana Rudy Perpich, jimbo la Minnesota lilipitisha sheria kwamba mwanafunzi wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari aweza kusoma chuoni bila ada, na sehemu ya fedha za serikali zimfuate huko. Shule zililalamika, na haishangazi. Mwanafunzi akiondoka, na ruzuku yake huondoka. Mfano huo ulienea katika majimbo mengi, na katika mwaka wa masomo 2022–23 wanafunzi wa sekondari waliosoma kozi za chuo walikaribia milioni mbili na nusu.

Kwetu Afrika Mashariki mpaka huo umehamahama pia, ila kwa amri na si kwa hiari ya mwanafunzi. Makerere ilipokuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London, kuanzia mwaka 1949, ilikuwa na madarasa yake ya matayarisho kabla ya shahada; baadaye kazi hiyo ilipelekwa shuleni, katika Kidato cha 5 na cha 6. Kenya ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, iliviondoa vidato hivyo na kuongeza mwaka mmoja katika shahada. Uganda na Tanzania zilivibakiza. Kwa hiyo mtoto wetu wa Kidato cha 6 akienda Marekani na matokeo mazuri, vyuo vingi humhesabia masomo hayo kuwa krediti, ingawa hapa nyumbani hatujapata kuyaita ya chuo.

Yabaki suala la mwalimu, na sisi wenye stashahada tunalisoma kwa makini. Mwaka 2015 halmashauri iitwayo Higher Learning Commission, iliyokuwa wakati huo ikikagua vyuo vya majimbo 19, ilieleza kwamba anayefundisha kozi ya chuo, hata akiwa ndani ya sekondari, awe na shahada ya pili katika somo lake, au shahada ya pili nyingine pamoja na krediti 18 za juu katika somo hilo. Walimu wengi wa Minnesota, waliokuwa wakifundisha kozi hizo kwa miaka mingi chini ya uangalizi wa vyuo, wakajikuta wanatakiwa kurudi darasani kama wanafunzi, aghalabu kwa gharama zao wenyewe. Wenye shahada ya pili katika ualimu, si katika somo, ndio walioumia zaidi. Malalamiko yalikuwa mengi, muda wa kutimiza sharti ukaongezwa, na mwaka 2023 halmashauri ikarekebisha mwongozo wake, ikaviachia vyuo nafasi kubwa zaidi ya kupima ujuzi wa mwalimu kwa njia nyingine pamoja na vyeti.