Nana Asma'u wa Sokoto: Bibi Aliyesomesha kwa Mashairi

Nimeombwa niandike katika kitabu chetu cha mwaka huu khabari za mwanamke mmoja wa zamani ambaye maisha yake yana faida kwa jamaa zetu huku ugenini. Nimemchagua Nana Asma'u, binti wa Shehu Usman dan Fodio, wa nchi ya Wahausa, ambayo leo ni Kaskazini ya Nigeria.

Alizaliwa Degel mwaka 1793, pacha na nduguye Hasan. Desturi ya huko, pacha wa kike wa Hasan huitwa Husaina, lakini yeye aliitwa Asma'u, jina la binti wa Sayyidna Abubakar. Nyumba yao ilikuwa ya elimu, wanaume kwa wanawake. Shehu akiwalaumu wanazuoni waliosomesha wanafunzi usiku na mchana, na huku wake zao na binti zao wamewaacha katika ujinga. Basi Asma'u alihifadhi Kurani, akatunga mashairi kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa.

Mwaka 1804 vilizuka vita baina ya wafuasi wa Shehu na mfalme wa Gobir. Asma'u, msichana wa miaka 11, alihama na wazee wake, na safari zile akaja kuzitungia shairi. Vita vilipokwisha mwaka 1808 ilisimama dola kubwa, na Sokoto ikawa makao yake. Shehu alifariki mwaka 1817, akatawala kaka yake Asma'u, Muhammad Bello. Mume wa Asma'u, Gidado dan Laima, akawa waziri.

Dola ilipatikana kwa upanga, lakini nyumba za watu hazitengenei kwa upanga. Wala tusifiche: dola ile ilikuwa na watumwa wengi mno, na wanawake wengi waliingia Sokoto wakiwa mateka. Wakubwa walizungumza Kifulani, na wanawake wengi hawa walijua Kihausa tu. Asma'u hakuwangojea wajifunze lugha ya wakubwa. Alitunga kwa Kihausa, na tungo za baba yake za Kifulani akazigeuza Kihausa, ili ziingie vichwani bila ya kalamu wala karatasi.

Kisha akaanzisha jamii iitwayo 'Yan Taru, yaani wanaokusanyika pamoja. Kila upande wa vijiji ulikuwa na kiongozi mwanamke, akiitwa jaji, na Asma'u mwenyewe humvika kofia pana iliyofungwa kitambaa chekundu. Jaji huongoza msafara mpaka Sokoto: wanawake waliopita umri wa kuzaa, na wasichana ambao bado hawajaolewa. Wenye watoto wadogo hubaki nyumbani. Huja na nafaka, siagi na asali, na Asma'u huwagaia masikini. Wakirudi, kila mmoja amebeba utungo kifuani, akawasomeshe waliobaki. Hivyo chuo kilikwenda kwa yule asiyeweza kwenda chuoni.

Nana Asma'u alifariki mwaka 1864, akiwa ameacha tungo zipatazo 60. Nduguye Maryam aliiendeleza kazi hiyo, na 'Yan Taru wapo mpaka leo.

Kwetu pwani, katika karne hiyo hiyo, Mwana Kupona wa visiwa vya Lamu alimtungia binti yake utendi mashuhuri mnamo 1858, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Hawakujuana, lakini wote wawili walijua kwamba elimu ya nyumba hupita kwa mama, na kwamba utungo uliohifadhiwa hauibiwi wala hauungui.

Jamaa zangu, mtu akihama hubeba alichoweza. Wengi wetu tuliacha nyumba na mashamba, tukaja na lugha. Sasa wajukuu wetu huelewa Kiswahili, nao hujibu kwa Kiingereza, na bibi zao wamekaa chumba cha ndani, wamejaa tenzi, misemo na nasaba, na hapana anayewauliza. Tusingoje chuo kikubwa wala fedha nyingi. Kila ukoo umchague jaji wake, bibi au shangazi, tumpelekee watoto kila mwisho wa wiki, naye awahifadhishe beti kumi kumi. Kitabu cha mwaka ujao kituletee majina ya waliohifadhi.