Kupanua sailensa ya msumeno wa injini: Faida na hatari zake

Msumeno wa injini hutoa moshi kupitia sailensa, kisanduku cha chuma kinachopunguza kelele na ambacho aghalabu huwa na wavu wa kuzuia cheche. Baadhi ya mafundi hupanua tundu lake ili moshi utoke upesi na injini ipate nguvu zaidi.

Hata hivyo, injini iliyofunguliwa hivyo huvuta hewa nyingi. Kabureta isiporekebishwa, petroli huwa kidogo mno. Na kwa kuwa injini ya mapigo mawili hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli hiyo, pistoni hupata joto kali, ikakwaruzika na hatimaye kukwama. Hivyo skrubu ya kabureta sharti ilegezwe kidogo kidogo, petroli iongezeke.

Katika visiwa vya Lamu, ambako nyumba nyingi zimeezekwa kwa makuti, hatari kubwa zaidi ni kuuondoa wavu. Wakazi wa Faza, kisiwani Pate, waliopoteza makao kwa moto mwaka 2009, wanajua jinsi makuti yanavyowaka. Tundu likipanuliwa, wavu urejeshwe, na mtumiaji azibe masikio, kwani kelele nayo huongezeka.