Mtaa Usio na Nyumba

Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma katika nchi ya Wagogo, ina Mvumi mbili: Mvumi Makulu na Mvumi Misheni. Ya kwanza ni ile ya watemi. Makulu kwa Cigogo ni kubwa. Ya pili ilikulia kando ya kituo cha CMS, wamisionari wa Kiingereza waliotua Mpwapwa mwaka 1876 wakiwa na safari ya Uganda, kisha wakasogea Mvumi na Buigiri karne ya 20 ilipokuwa inaanza. Leo kila moja ni kata. Hata mwenyeji wa ya pili asiyeingia kanisani, ukimuuliza kwao, atakujibu Misheni.

Waingereza hao walikuja na kitu ambacho hatujakubaliana jina lake. Kwao, kanisa la zamani la kijijini lilikuwa na eneo lenye mipaka, na kila aliyelala ndani ya mipaka hiyo alihesabiwa wa kanisa hilo, asali asisali. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila kanisa la namna hiyo liwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko. Sheria ya 1601 ikalitwika maskini wa eneo lake. Kwa ufupi, ilikuwa serikali ndogo yenye kengele.

Wakatoliki wetu wanasema parokia, neno la Kigiriki lililopitia Kilatini, na huko lilikoanzia lilihusu kukaa ugenini. Maana nzuri, ila nani ataiona? Walutheri wana usharika, neno linalohesabu watu na kuiacha ardhi. Kwa Waanglikana utasikia parishi na utasikia mtaa. Parishi kwangu ni uvivu mtupu: Kiingereza kilichofungiwa irabu mwishoni. Mtaa ndilo neno, japo Walutheri nao wanalo, na kwao ni kipande tu cha usharika.

Lakini mtaa ni mtoto wa pwani. Lamu ina Mkomani na Langoni. Huko mtaa ni kuta zinazogusana, msikiti wa jirani, na habari ya mgonjwa inayofika kabla ya daktari. Lilete neno hilo Ugogo, linapwaya. Wagogo wa zamani waliishi katika matembe yaliyotawanyika, kila tembe na zizi lake, na kati ya jirani na jirani ni mashamba ya mtama na uwele. Kanisa likawa na mtaa ambao hauna nyumba mbili zinazotazamana. Aliyeushikilia alikuwa mwalimu, na neno hili nalo Ugogo lilibeba zaidi ya chaki: mwalimu wa kanisa alifundisha kusoma, akahubiri, akatembelea wagonjwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka na Wajerumani wakawaweka kizuizini wamisionari wa Kiingereza, ndipo ilipoonekana kanisa lilikuwa limesimama juu ya mabega ya nani. Andrea Mwaka alikuwa mmoja wa walimu hao. Alipewa ukasisi mwaka 1921, na shule yenye jina lake ipo Dodoma mpaka sasa. Kasisi ni cheo cha kwenye karatasi, maana watu humwita mchungaji, na katika nchi ya ng'ombe jina hilo halihitaji mkalimani.

Tukiwa kwenye majina: dayosisi iliyoundwa mwaka 1927, askofu wake wa kwanza akiwa George Chambers kutoka Sydney, bado inaitwa Dayosisi ya Central Tanganyika. Nchi ilibadili jina mwaka 1964, dayosisi haikushughulika.

Nyumba zilikuja kukaribiana baada ya Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, watu walipokusanywa katika vijiji vya ujamaa. Chamwino kilikuwa kimojawapo, na Mwalimu Nyerere alishika matope kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Hapo sasa mtaa ungekaa vizuri. Serikali ikachagua kijiji na kitongoji, mtaa ikauachia miji. Kwa hiyo Dodoma mjini mwenyekiti wa mtaa hupigiwa kura na hugonga mihuri, lakini ukienda vijijini Chamwino ukasikia mtaa unatajwa, yaelekea ni wa kanisa.

Hata hivyo kazi ya Cromwell haijaisha. Mtu mzima anayeomba cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili wa serikali, anaweza kupeleka cheti cha ubatizo kama kielelezo, maana siku aliyozaliwa iliandikwa kanisani kabla serikali haijamjua. Neno lenye uwezo wa kubeba kanisa na serikali kwa pamoja, kama lile la Waingereza, tunalo tayari. Halmashauri ya Wilaya ya Chamwino yenyewe, na vijiji vyake vyote visivyo na mitaa, imo katika orodha ya Serikali za Mitaa.