Faranga: neno moja, fedha nyingi

Mchuuzi wa mchele kutoka Moba au Kalemie akifika upande wetu wa Ziwa Tanganyika, hutaja faranga. Aliyetoka Burundi hutaja faranga. Ukienda Mishamo au Katumba, kwa wazee waliokimbia Burundi mwaka 1972, utasikia "amafaranga", na hapo maana yake ni hela yoyote ile, hata shilingi yetu. Wasikilizaji wa Kapalamsenga, Ikola na Karema, neno hili ni la Kifaransa: huandikwa "franc" na Wafaransa wenyewe hulitamka "fra" kwa sauti ya puani, bila kuisikilizisha ile "c" ya mwisho. Halina undugu wowote na kifaranga cha kuku.

Tuanze na panapouma. Mtu akikupigia simu akasema magunia yako atayachukua kwa faranga laki tano, muulize kwanza: faranga ya wapi? Faranga ya Kongo kwenye simu na benki huandikwa CDF, ya Burundi BIF, ya Rwanda RWF. Thamani zake hazilingani, na kila moja hupanda na kushuka kivyake.

Swali la pili ni la siku. Mali kauli ndiyo inayoumiza wengi. Tuchukue mfano wa kubuni tu: siku mnapatana, faranga 100 ni sawa na shilingi 100. Mzigo unavuka ziwa, malipo yanakuja baada ya mwezi, na faranga 100 sasa ni shilingi 80. Laki tano yako imekuwa laki nne, na mnunuzi hajakudhulumu hata senti, kalipa alichoahidi. Ndiyo maana sisi tunaona ni afadhali kupatana kwa shilingi na kuandika, hata kwa ujumbe wa simu, jina la fedha na siku ambayo bei yake itatumika. Kwa biashara ya hapa ndani, hilo si suala la hiari tena: kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kupanga bei za bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni.

Angalia pia bei unayoiona mtandaoni. Kwa faranga ya Burundi, ile ni bei rasmi, na kwa miaka mingi bei ya mtaani imekuwa mbali nayo sana. Ukipiga hesabu kwa simu halafu ukalipwa noti za Burundi, utabaki unashangaa. Ukilipwa dola na Mkongo, kagua noti yenyewe, maana huko kwao dola iliyochanika hata kidogo pembeni hukataliwa.

Kongo wenyewe wana maneno mengi ya hela. Walingala husema "falanga". Waswahili wa Katanga husema "makuta", neno lililobaki kutoka enzi za Mobutu. Mwaka 1967 faranga iliondolewa ikaja zaire, na makuta ilikuwa senti yake. Zaire iliporomoka vibaya, na mwaka 1998 faranga ikarudishwa. Fedha ya makuta imekufa, jina lake bado linatembea sokoni.

Na faranga ilianzaje? Mwaka 1356 mfalme Jean wa Pili wa Ufaransa alitekwa na Waingereza vitani. Alipoachiwa mwaka 1360 ikatolewa sarafu ya dhahabu kwa ajili ya fidia yake, ikaitwa franc. Juu yake aliandikwa kuwa mfalme wa Wafranki, kabila lililoipa Ufaransa jina. Neno hilohilo lilikuwa na maana ya mtu huru, asiye mtumwa. Ubelgiji nayo ikawa na faranga, ikaipeleka Kongo na baadaye Ruanda-Urundi, ndipo ikatufikia ng'ambo ya ziwa. Ufaransa na Ubelgiji ziliacha kuitumia mwaka 2002 zilipoingia kwenye yuro. Waliotawaliwa bado wanayo: Kongo, Burundi, Rwanda, Jibuti, Komoro, na nchi 14 za Afrika Magharibi na Kati zinazotumia faranga iitwayo CFA.

Ile maana ya uhuru haijapotea. Mkongo akitaka kusema ukweli bila kuficha huanza na "franchement", yaani kusema kweli. Eneo la biashara lisilotozwa ushuru huitwa "zone franche". Na wale mnaonasa redio za Kongo usiku kusikiliza mpira, mtangazaji akipaza sauti "coup franc!" hakuna aliyelipwa chochote. Ni mpira wa adhabu, kama pigo la faulo nje ya boksi, na timu inapanga ukuta.