Ufunguo na Swichi za Kompyuta ya Zamani

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilisimikwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza. Kutoka hapa Tukuyu hadi huko ni zaidi ya kilomita 800. Mwaka 1974 serikali ilizuia kompyuta kuingizwa nchini bila kibali, hivyo watu wengi wa wilaya yetu ya Rungwe walikua bila kuziona.

Enzi hizo mwendeshaji alizungumza na mashine kwa vidole. Kompyuta ya PDP-11, iliyotoka Marekani mwaka 1970, inaonyesha vizuri kazi hiyo. Ufunguo wake ulikuwa na nafasi tatu: kuzima, kuwasha, na kufunga paneli ya swichi. Nafasi ya tatu ndiyo ya busara zaidi. Mashine iliendelea na kazi, lakini swichi za kuiamuru hazikufanya lolote, hata mtu akizigusa kwa bahati mbaya.

Kuingiza programu kulihitaji subira. Kila swichi ya tarakimu ilikuwa 1 au 0. Mwendeshaji alipanga anwani ya kumbukumbu, akabonyeza swichi ya kuipakia, akapanga tarakimu za amri, kisha akainua swichi ya kuhifadhi. Taa zilimwonyesha kilichoingia. Akikosea swichi moja, amri yote ilibadilika.

Ikiwa Tukuyu, Kiwira au Katumba kuna mzee wako aliyewahi kufanya kazi kwenye chumba cha kompyuta, mwombe asimulie, nawe uandike.