Kahawa, Magendo na Kibanja cha Mjane

Watu wa rika langu tukikutana Bukoba mjini, hatuchelewi kuwaambia vijana kwamba zamani hapakuwa na wizi. Tunasema mlango ulifungwa kwa kamba ya mgomba na baiskeli ililala nje hadi asubuhi. Mimi siwezi kusema hivyo. Nimezaliwa Kamachumu, wilaya ya Muleba, baba yangu akiwa karani wa mizani ya kahawa, na wizi niliuona tangu utotoni. Ulikuwepo wizi ambao sheria na majirani waliuita wizi, ukawepo ambao sheria peke yake iliuita hivyo. Na ulikuwepo mmoja, mkubwa kuliko yote, ambao hakuna aliyethubutu kuutaja.

Huku kwetu kahawa na sheria vina ugomvi wa kale. Wazee walitusimulia kwamba enzi za Bakama, wafalme wetu, mtu wa kawaida hakujipandia mbuni apendavyo. Ilimpasa apate ruhusa ya Mkama. Kahawa ilikuwa kitu cha heshima. Ilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa, ikatafunwa, na mgeni alikaribishwa kwayo. Wanaume wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akala iliyopakwa damu ya mwenzake. Kisha wakaja Wajerumani, waliojenga boma Bukoba mwaka 1890, na baada yao Waingereza, na amri ikageuka: sasa watu wapande kahawa kwa wingi na waitunze kama serikali ilivyotaka. Mwaka 1937 wakulima wa Buhaya, nchi yetu sisi Wahaya, walizikataa kanuni za kutunza mibuni, wengi wakihofia kwamba mwisho wake ni kunyang'anywa ardhi. Kwa hiyo mzee mmoja aliweza kuishi akaona kupanda mbuni bila ruhusa kuwa kosa, na baadaye kutoutunza kuwa kosa pia.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kahawa ikawa inanunuliwa kupitia vijiji kwa ajili ya Mamlaka ya Kahawa. Pale kwetu mizani haikubadilika, na Tata, yaani baba yangu, aliendelea kuishika. Kahawa iliuzwa ya maganda, imeanikwa juani mpaka ukiitikisa inalia. Gunia likifika, Tata alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akachota kiganja kutoka chini kabisa, akakitandaza juu ya daftari lake. Pale ndipo alipomtambua mwizi. Mwenye shamba huchuma tunda lililoiva, punje kwa punje, na huurudia mti uleule mara nyingi katika msimu mmoja. Mwizi wa usiku hana nafasi hiyo. Hukamata tawi na kulikwanyua lote, mbivu, mbichi na majani. Zile mbichi zikikauka huwa nyepesi, zimesinyaa, na hata ukizificha katikati ya gunia haziachi kuonekana kiganjani.

Tata hakumshutumu mtu mbele za watu. Alimwuliza kwa upole, "Waitu, mibuni yako inaumwa?" Mtu mwenye kahawa yake alieleza. Asiye na yake alifunga gunia akaondoka, na kabla ya jioni balozi wa nyumba kumi alikuwa amepata habari. Aliyekamatwa usiku na mkungu wa ndizi hakupata upole huo. Yowe lilipigwa, kila mwanamume akatoka na panga, na mwizi akazungushwa kijijini akiwa na mkungu wake kichwani. Wapo waliopigwa hadi wakabaki vilema, na hilo nalo nalisema, kwa sababu wanaosifu amani ya zamani hulisahau.

Mwezi Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilirusha mabomu Bukoba. Vioo vya madirisha vilivunjika na watu wakaukimbia mji. Mwisho wa mwezi huo majeshi yake yalivuka mpaka na kukalia ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa. Sisi huku kusini tulipokea ndugu kutoka Missenyi, kaskazini ya mto, waliokuja na godoro na watoto tu. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, na mwaka huohuo mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini vita viliacha bunduki mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo, na tangu hapo neno jambazi likaanza kusikika katika mazungumzo ya kawaida.

Nilipohamia mjini kwa shangazi yangu, mtaa wa Kashai, vitu vilikuwa vimeadimika kabisa. Duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, likipata sabuni, habari zilifika mitaa ya Hamugembe na Rwamishenye kabla gari halijamaliza kushusha. Watu walipanga mawe kwenye foleni, kila jiwe na mwenyewe, wakaenda kuteka maji. Sabuni ikikosekana tulifulia maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Siku ya meli, MV Victoria ikitoka Mwanza, nusu ya mji ilishuka bandarini, wengine wakiwa hawana mgeni wala mzigo, ila tumaini la kupata mche wa sabuni au kilo ya sukari.

Katika hali hiyo magendo yalistawi. Kahawa iliondoka usiku, kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu, ikaelekea ng'ambo. Mchana wake madukani na chini ya vitanda palionekana sabuni, betri, chumvi na vitambaa. Sheria iliita jambo hilo uhujumu wa uchumi. Sikumbuki mtu hata mmoja mtaani kwetu aliyeliita wizi. Wakulima walikuwa na hesabu yao. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, na bei ya kahawa duniani ikapanda hadi mwaka 1977 kuliko walivyowahi kuona. Mkulima wa Kamachumu alipata sehemu ndogo tu ya bei ile, tena kwa mafungu: malipo ya kwanza, ya pili, na ya mwisho ambayo aliyasubiri mpaka akachoka. Aliyebanwa na ada ya shule au ugonjwa aliingia kwenye butura, akaiuza kahawa ikiwa bado maua, kwa bei aliyoipanga mnunuzi. Mtu aliyeona kahawa yake ikichukuliwa mchana kwa bei ya kuumiza hakuona dhambi kuipeleka usiku panapolipa.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alitangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu. Bukoba ilitetemeka. Kuna waliofukia majora ya vitambaa migombani na kuna waliotupa bidhaa chooni. Nilimheshimu Sokoine na ninamheshimu hadi leo, kwa kuwa alitaka sukari imfikie maskini. Ila wengi walioshikwa wakiwa na vipande vya sabuni walikuwa maskini haohao.

Mwaka huohuo wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walipatikana katika mkoa wetu. Kabla watu hawajalijua jina la ugonjwa, waliuita Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilicholetwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Tulibeba wagonjwa kwenda hospitali ya Ndolage, tukabeba maiti kurudi. Zipo nyumba ambazo walibaki bibi na wajukuu tu.

Na hapo ndipo wizi ule mkubwa ulipotokea, mchana kweupe. Tata alifariki mwaka 1986. Matanga yalipoisha wazee wa ukoo walikaa, wakazunguka kibanja, shamba letu la migomba na mibuni, kutoka mlamula mmoja wa mpakani hadi mwingine, wakihesabu mibuni. Kibanja kile mama alikipalilia tangu alipoolewa. Nyasi zote zilizotandazwa chini ya migomba alizikata yeye kule rweya, kwenye uwanda wa nyasi, akazibeba kichwani. Waliamua kwamba ardhi ni ya ukoo na mwanamke hairithi. Achague kukaa chini ya mrithi au arudi kwao. Alirudi kwao na jembe, sufuria na nguo zake. Hakuna yowe lililopigwa. Majirani waliokuwa wakitoka na mapanga kwa ajili ya mkungu mmoja wa ndizi walimsindikiza mpaka barabarani wakimpa pole. Msimu uliofuata kahawa ya kibanja kile ilifika mizani ikiwa imeiva vizuri, haina mbichi wala jani. Hakuna karani ambaye angegundua kitu.

Mwanamke mwingine wa Muleba alilipeleka jambo hili mbele zaidi. Aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, na mtoto wa nduguye akamshtaki kwamba mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza. Kesi ilianzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha ikafika Mahakama Kuu, Mwanza, ambako mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi na inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zikampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Lakini kanuni za mirathi za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 hazijafutwa, na hadi leo wajane wanasimama mbele ya mabaraza ya ukoo kama alivyosimama mama.

Kwa hiyo tukiwasimulia vijana kuhusu uhalifu wa zamani, tusiishie kwa mwizi wa ndizi na jambazi wa barabarani. Tutaje na vibanja, tena tutaje kwamba waliovichukua walikuwa ndugu zetu, watu waliosali pamoja nasi. Na kila mwanamume anayesoma hapa, mwenye mke na mibuni michache, namsihi aandike wosia sasa hivi akiwa mzima, mbele ya mashahidi. Baba yangu aliandika uzito wa magunia ya kijiji kizima, msimu baada ya msimu, kwa mwandiko safi ambao watu waliusifu. Wosia hakuandika. Ukurasa mmoja wa mwandiko ule ungempa mama mahali pa kuanzia pale wazee walipokaa.